NAMBA KUBWA SI KIFO, NAMBA NDOGO SI KUPONA

Jinsi ya kuelewa kipimo cha wingi wa virusi vya homa ya ini

Ndugu msomaji, siku hizi wananchi wengi wanapimwa damu. Wakitoka hospitali wanapewa karatasi. Karatasi hiyo ina herufi na namba. Wewe sasa unajua kusoma, na namba unazitambua. Lakini kusoma namba ni jambo moja. Kuelewa maana yake ni jambo jingine.

Mwezi huu tutazungumza juu ya namba moja tu. Namba hii imewatia watu wengi hofu bure. Wengine imewapa matumaini ya uongo. Ni namba ya wingi wa virusi vya homa ya ini aina ya B.

Tuchukue mfano wa ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja. Hatuwapi majina, kwa sababu mambo yao yanaweza kumpata mtu ye yote katika kijiji cho chote.

KARATASI TATU ZA NYUMBA MOJA

Kaka mkubwa ana miaka 42. Ni mkulima wa mahindi na karanga. Siku moja jirani yake alihitaji kuongezewa damu. Kaka akaenda hospitali kujitolea. Damu ya kujitolea hupimwa kwanza kabla ya kupewa mgonjwa. Muuguzi akamwita pembeni.

"Baba," akamwambia, "damu yako hatuwezi kumpa mgonjwa. Ina virusi vya homa ya ini aina ya B. Wewe mwenyewe unahitaji vipimo zaidi. Walete mama yako, mkeo na wadogo zako, nao tuwapime."

Wakaenda wote. Mama yao alikutwa na virusi. Dada yao mwenye miaka 24, aliyekuwa na mimba ya miezi mitatu, naye alikutwa navyo. Kitinda mimba, kijana wa miaka 19, naye vilevile. Mke wa kaka hakuwa navyo.

Ndugu hao watatu wakachukuliwa damu nyingine ili vihesabiwe virusi. Majibu yalipotoka walipewa karatasi zao. Wakaambiwa warudi Jumatatu waonane na daktari. Lakini nani angeweza kungoja Jumatatu? Jioni ile ile walikaa chini ya mwembe, wakafungua karatasi na kuzisoma wenyewe.

Karatasi ya kaka ilisema 900.

Karatasi ya dada ilisema 62,000,000.

Karatasi ya kitinda mimba ilisema 170,000,000.

"Mia tisa tu," kaka akasema. "Yangu ni ndogo. Mimi nimekwisha pona."

Kitinda mimba akahesabu sifuri zake. Akarudia kuhesabu. "Kaka," akasema, "mimi nina milioni mia moja na sabini. Mimi ni wa kufa."

Dada hakusema neno. Alishika tumbo lake tu.

Usiku ule kijana hakula. Asubuhi alimwomba kaka yake wauze ng'ombe mmoja. Alikuwa amesikia habari za mtu anayeuza dawa ya mizizi ya kusafisha ini. Kaka akakubali. Na yeye mwenyewe akaamua kwamba Jumatatu hatakwenda kwa daktari, kwa kuwa palizi lilikuwa limemkaba.

Mke wake ndiye aliyewazuia. "Baba watoto," akasema, "karatasi hizi ni za daktari. Kwanza mwende akawasomee. Ng'ombe hatakimbia. Na wewe shemeji, kula. Hujafa."

Ndugu msomaji, mama huyu alisema kweli. Kaka alikosea. Kitinda mimba naye alikosea. Na dada hakujua kwamba kati yao wote, yeye ndiye aliyekuwa na jambo la haraka zaidi. Tuone kwa nini.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi. Linachuja sumu katika damu, linatunza chakula cha akiba na linasaidia damu kuganda mtu anapojikata.

Virusi ni vimelea vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya B hupenda kukaa katika ini. Mtu anaweza kukaa navyo miaka 20 au 30 bila kusikia maumivu. Wakati huo huo ini linaweza kuwa linaharibika polepole. Linapata makovu, linakuwa gumu, linasinyaa. Wengine mwishowe hupata saratani ya ini.

Ugonjwa huu si homa ya manjano. Homa ya manjano huletwa na mbu. Homa ya ini aina ya B hailetwi na mbu. Huambukizwa kwa damu na kwa majimaji ya mwili. Mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Watu huambukizana kwa kujamiiana. Huambukizana pia kwa wembe, sindano, kisu cha tohara au cha kuchanja chale kilichotumiwa na mtu mwingine. Virusi hivi vinaweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7 na bado vikaambukiza.

Haviambukizwi kwa kula sahani moja, kupeana mikono, kukumbatiana au kulala chumba kimoja. Kwa hiyo usimtenge mgonjwa.

Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi. Lakini kati ya watoto wachanga 10 wanaoambukizwa, kiasi cha 9 hubaki navyo kwa muda mrefu. Virusi vikikaa mwilini zaidi ya miezi 6, tunasema ugonjwa ni wa kudumu. Ndugu zetu watatu inaelekea walivipata wakiwa wadogo, bila mama yao kujua. Hilo si kosa la mama. Wakati walipozaliwa, chanjo ya ugonjwa huu ilikuwa haijaingia katika chanjo za watoto wetu. Tanzania iliiingiza mwaka 2002. Ndugu hawa walizaliwa kabla ya hapo, isipokuwa kitinda mimba. Yeye alizaliwa baada ya chanjo kuanza, lakini chanjo ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki 6. Aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa, chanjo hiyo humkuta amekwisha chelewa.

Wao hawako peke yao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivi. Wengi wao hawajui.

NAMBA INAHESABU NINI?

Kipimo cha kwanza ni kile cha kuchoma kidole au kutoa damu kidogo. Kipimo hicho hujibu swali moja tu: virusi vipo au havipo?

Kipimo cha wingi wa virusi hujibu swali la pili: ni vingi kiasi gani? Damu huchukuliwa katika mshipa wa mkono, halafu mashine huhesabu virusi vilivyomo. Kazi hii hufanyika zaidi katika hospitali kubwa.

Sasa tazama karatasi. Baada ya namba utaona herufi IU/mL. Sehemu ya mwisho, mL, ni mililita. Mililita moja ni kama matone 20 ya maji. Sehemu ya kwanza, IU, ni kizio cha kuhesabia ambacho mataifa yote yamekubaliana. Kwa hiyo 900 IU/mL maana yake ni vizio 900 katika kila mililita moja ya damu.

Karatasi nyingine huhesabu kwa kopi badala ya IU. Hapa watu wengi hupotea. Kizio kimoja cha IU ni kiasi cha kopi 5. Mtu mwenye 2,000 kwa IU ana kiasi cha 10,000 kwa kopi. Virusi havikuongezeka. Kilichobadilika ni kipimo. Ni kama gunia la mahindi. Ukilipima kwa debe utasema debe 6. Ukilipima kwa kilo utasema kilo 100. Gunia ni lile lile. Basi ukilinganisha karatasi ya mwaka jana na ya mwaka huu, kwanza angalia kama zote zinatumia kizio kimoja.

Kuna karatasi zenye neno log. Usiogope. Hiyo ni njia ya kuhesabu sifuri. Log 3 ni 1 yenye sifuri tatu, yaani 1,000. Log 6 ni 1 yenye sifuri sita, yaani 1,000,000. Kwa hiyo kushuka kutoka log 8 hadi log 6 si jambo dogo. Ni kushuka kutoka 100,000,000 hadi 1,000,000.

Karatasi nyingine ina alama hii: < na namba, kwa mfano < 20. Alama hiyo maana yake ni "chini ya". Yaani virusi vimeonekana, lakini ni vichache mno hata mashine haiwezi kuvihesabu vizuri. Na karatasi nyingine husema virusi "havikuonekana". Maana yake mashine haikuviona katika damu ile. Haina maana kwamba vimekwisha mwilini. Jambo hili tutalirudia.

Kumbuka pia kwamba namba hii hupanda na kushuka yenyewe. Leo 900, baada ya miezi 6 inaweza kuwa 1,400. Hilo si jambo la kukosesha usingizi. Lakini ikiongezeka sifuri nzima, kwa mfano kutoka 900 hadi 9,000 au 90,000, daktari atataka kujua sababu.

DAKTARI ANAULIZA MASWALI MATATU

Jumatatu ndugu wale walifika kwa daktari. Kitinda mimba hakungoja kukaa.

"Daktari," akasema, "mimi nimebakiza siku ngapi?"

Daktari akatabasamu. "Kaa kwanza, kijana wangu. Nyumbani mna ghala?"

"Lipo."

"Ukihesabu panya walioingia ghalani, utajua mahindi yameharibika kiasi gani?"

Kijana akafikiri. "Hapana. Lazima nifungue magunia niyatazame."

"Vema. Karatasi yako inahesabu panya. Haijatazama magunia. Namba hii inatuambia virusi ni vingi kiasi gani. Haituambii ini limeumia kiasi gani."

Akawaeleza kwamba yeye huuliza maswali matatu.

La kwanza: virusi ni vingi kiasi gani? Hilo ndilo swali linalojibiwa na namba yetu.

La pili: je, ini linaumia sasa hivi? Hilo hujibiwa na kipimo kingine cha damu. Katika karatasi huandikwa ALT. Ini likiumia, namba hiyo hupanda. Maabara huandika pembeni kiwango cha kawaida ili ulinganishe.

La tatu: je, ini limekwisha pata makovu? Hilo hujibiwa kwa altrasaundi, au kwa mashine ya kupima ugumu wa ini, au kwa kupiga hesabu kutokana na vipimo vya kawaida vya damu.

Majibu matatu yakiwekwa pamoja, ndipo ukweli unaonekana. Jibu moja likisimama peke yake laweza kudanganya.

"Lakini Daktari," kijana akauliza, "inawezekanaje virusi viwe milioni mia na sabini na ini liwe zima?"

Daktari akaeleza hivi. Mara nyingi si virusi vyenyewe vinavyolichana ini. Ni vita kati ya virusi na askari wa mwili. Askari hao hushambulia ini mahali virusi vilipojificha. Ni kama kumpiga fimbo panya aliyekaa juu ya chungu. Panya anaweza kukimbia, lakini chungu kinavunjika. Katika vijana wengi walioambukizwa utotoni, askari bado wamelala. Virusi vinazaana sana, lakini vita haijaanza. Namba ni kubwa na ini ni zima.

MAJIBU YA KILA MMOJA

Kitinda mimba. ALT yake ilikuwa ya kawaida. Ini lake halikuwa na kovu. Daktari hakumwanzishia dawa siku ile. Lakini hakumwambia aende asirudi. Alimwambia arudi kila baada ya miezi 6 apimwe ini, na mara moja kwa mwaka ahesabiwe virusi. Maana vita inaweza kuanza siku yo yote, na mwenyewe asisikie. Pia damu na majimaji ya mwili wa mtu mwenye namba kubwa huambukiza kwa urahisi zaidi. Kijana huyu lazima awe na wembe wake na mswaki wake. Na atakapotaka kuoa, mchumba wake apimwe na kuchanjwa kwanza.

Je, basi namba kubwa haina maana? Ina maana kubwa, hasa umri unapokwenda. Huko Taiwan watafiti waliwafuatilia watu 3,653 wenye virusi hivi, wa miaka 30 hadi 65, kwa muda wa miaka kama 11. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Kati ya watu 100 ambao virusi vyao havikuonekana kwa kipimo, kiasi cha mtu 1 alipata saratani ya ini. Kati ya watu 100 waliokuwa na kopi milioni 1 au zaidi, kiasi cha watu 15 walipata saratani hiyo. Kwa hiyo namba kubwa si hukumu ya kifo, lakini ni kengele. Haifai kupuuzwa.

Kaka mkubwa. Namba yake ilikuwa 900 tu. Lakini altrasaundi na vipimo vingine vilionyesha kwamba ini lake limeanza kupata makovu ya kutosha kutia wasiwasi. Virusi vyake sasa ni vichache, lakini vita ilikwisha piganwa miaka mingi, naye hakusikia. Panya ni wachache, magunia yametobolewa. Katika mwongozo wake wa mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mwenye makovu ya namba hiyo aanze dawa, hata kama virusi vyake ni vichache. Kaka aliyedhani amepona ndiye aliyepewa dawa ya kila siku.

Mwongozo huo unasema pia kwamba mtu mzima mwenye zaidi ya 2,000 IU/mL na ALT iliyopanda aanze dawa, hata kama hana makovu. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI pamoja na hivi, mwenye kisukari, au ambaye katika ukoo wake kuna aliyepata saratani ya ini au ini kusinyaa, naye huanza mapema. Kwa hiyo mweleze daktari habari zote za nyumbani kwenu. Usifiche.

Dada. Hali ya ini lake ilikuwa njema. Lakini alikuwa mjamzito, na namba yake ilikuwa 62,000,000. Kwa mama mjamzito mpaka ni 200,000 IU/mL. Akifika hapo au kuzidi, mtoto yuko katika hatari kubwa wakati wa kuzaliwa, hata akichanjwa. Mama huyo hupewa dawa ya tenofoviri kuanzia mwezi wa nne wa mimba, ili namba ishuke kabla ya kujifungua. Dada alikuwa ameingia mwezi wa nne. Alianza dawa siku ile ile. Laiti angebaki nyumbani na hofu yake, wakati ungepita.

Daktari alimwambia mambo mengine manne. Ajifungulie hospitali. Aulize mapema kama kituo hicho kina chanjo ya siku ya kuzaliwa, ambayo mtoto anapaswa kuipata ndani ya saa 24. Mtoto apewe chanjo zote za wiki 6, 10 na 14. Na amnyonyeshe bila wasiwasi, kwa maana maziwa ya mama hayaleti ugonjwa huu.

MWAKA MMOJA BAADAYE

Kaka alimeza kidonge chake kila siku jioni. Baada ya mwaka alipimwa tena. Karatasi ilisema: virusi havikuonekana.

Alifurahi sana. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Mama watoto, sasa nimepona kweli. Kesho naacha dawa."

Ndugu msomaji, hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Virusi havikuonekana katika damu, lakini vimejificha ndani ya ini. Ni kama majani ya sangara shambani. Ukipalilia, juu huoni kitu. Mizizi iko chini. Ukiacha kupalilia, mvua moja tu yanarudi. Mtu akiacha dawa ghafula, virusi huzaana upya na vita huweza kurudi kwa nguvu kuliko kwanza. Ini lenye makovu linaweza kushindwa kabisa. Wako watu waliokufa kwa sababu hiyo.

Hali ya kutoonekana si ishara ya kuacha dawa. Ni ishara kwamba dawa inafanya kazi. Makovu yanaacha kuongezeka, na mengine huweza hata kupungua. Hatari ya saratani hupungua. Dawa isiachwe ila kwa shauri la daktari.

Na kama namba inapanda wakati unameza dawa, jiulize kwanza: je, ninameza kila siku? Mweleze daktari ukweli. Yeye si hakimu. Anataka kujua tu kama kidonge kimekosekana, au kuna sababu nyingine.

Usigawane dawa na ndugu yako. Tenofoviri hutumika pia kwa wenye virusi vya UKIMWI, ikichanganywa na dawa nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mtu hupimwa pia UKIMWI na figo. Ukimpa mwenzako vidonge vyako, unampa matatizo usiyoyajua.

MAMBO YANAYOLIONGEZEA INI MZIGO

Namba ikishuka kwa dawa, usiliharibu ini kwa mikono yako.

Pombe. Mwenye virusi vya homa ya ini hafai kunywa pombe. Gongo ni mbaya zaidi.

Dawa zisizojulikana. Dawa ya mizizi, hata ikisifiwa kuwa ya kusafisha ini, hupita katika ini lenyewe. Nyingine zimewaua watu. Hakuna mizizi iliyothibitishwa kuondoa virusi hivi.

Sumukuvu. Hili linatuhusu sana sisi wakulima. Mahindi na karanga vikihifadhiwa na unyevu huota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Hapa kwetu mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumukuvu kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini hatari huongezeka maradufu na zaidi. Kausha mazao juu ya turubai, si juu ya udongo. Hakikisha yamekauka kabisa kabla ya kuyatia katika magunia. Weka magunia juu ya chaga. Tenga punje zenye ukungu, wala usizipikie pombe wala usiwape kuku.

KAMA KIPIMO HAKIPO

Kipimo hiki hakipatikani kila mahali, na mara nyingine gharama yake ni kubwa. Uliza bei kabla hujasafiri. Lakini kukosa kipimo hiki si sababu ya kukosa matibabu. Mwongozo wa mwaka 2024 unaruhusu daktari kuamua kwa kutumia ALT, hesabu ya damu na hali ya mgonjwa. Mama mjamzito naye anaweza kupewa dawa hata kama virusi vyake havikuhesabiwa.

Watu wa nyumba yako wapimwe. Asiye na virusi achanjwe. Mke wa kaka alichanjwa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6. Sasa ana kinga.

Ukiona macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji, unatapika damu, unapata choo cheusi kama lami, au umechanganyikiwa akili, usingoje tarehe yako. Nenda hospitali mara moja.

Na wale ndugu watatu? Kaka bado anameza kidonge chake. Mkewe ndiye anayemkumbusha. Kitinda mimba anakwenda kupimwa kila miezi 6, na kazi ya shamba anaiweza. Dada alijifungua salama. Mtoto alipotimiza mwaka alipimwa. Hana virusi.

Na ng'ombe yumo zizini. Mwaka huu amezaa.

YA KUKUMBUKA

1. Namba ya wingi wa virusi haisomwi peke yake. Uliza pia hali ya ini lako.

2. Namba ndogo si kupona. Namba kubwa si kifo.

3. "Havikuonekana" haina maana ya "vimekwisha". Usiache dawa.

4. Mama mjamzito mwenye virusi asichelewe kwenda kliniki.

5. Tunza karatasi zako zote. Nenda nazo kila unapokwenda kwa daktari.

MANENO MAGUMU

Virusi: vimelea vidogo mno vinavyoleta maradhi.

Kizio: kipimo kilichokubaliwa cha kuhesabia kitu.

Rufaa: kupelekwa kutoka zahanati hadi hospitali kubwa.

Sumukuvu: sumu inayotokana na ukungu wa mazao.

Chaga: ubao au miti ya kuinulia magunia yasiguse sakafu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini kaka alidhani amepona? Alikosea wapi?

2. Mtu ana karatasi mbili. Ya kwanza inasema kopi 10,000. Ya pili inasema 2,000 IU/mL. Je, virusi vyake vimepungua?

3. Katika kijiji chenu mahindi na karanga hukaushwa wapi? Mnaweza kufanya nini mwaka huu ili yasipate ukungu?

4. Jirani yako anasema hatakula na mtu mwenye homa ya ini. Utamwambia nini?